Kamanda Haruhusiwi Kugusa

Watu wa mwaloni kwetu, hapa wavuvi wanaposhusha samaki, wakitaka kunichokoza huniuliza, "Dada, vipi, hasira bado ipo?" Huwa najibu ipo, inawasalimia. Sijui kwa nini mwanamke akiwa na hasira watu wanamjulia hali kama ana malaria. Hasira yangu ina kazi. Bila hiyo leo ningekuwa bado namwaga dagaa mchangani, kuku wa watu wanajichagulia, na mvua ikija nazoa uji.

Nianze na vichanja, maana kila kitu kilitoka huko. Mimi ni mzaliwa wa Mwamgongo, nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa huku upande wa Ujiji. Baba wa mtoto wangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni. Nilipojifungua binti yangu nikaingia kwenye kazi ya kuanika dagaa na wanawake wenzangu. Enzi hizo tulikuwa tunawaanika chini, kwenye mchanga. Wanunuzi kutoka Kasulu walikuwa wanatafuna dagaa mmoja, wanatema, wanauliza, "Hawa mmewapika na zege?" Tukachoka kutemewa. Tukatafuta miti, tukaokota mbao za mitumbwi iliyokufa, tukanunua wavu, tukajenga vichanja vya kufika kiunoni. Dagaa wakaanza kukaukia hewani, safi kabisa. Mnunuzi akitafuna anameza, anaomba mwingine. Mimi nilianza kulala usingizi wa kweli mwaka ule.

Kichanja kilichopakana na changu ni cha bibi mmoja ambaye watu wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, na Kiswahili chake hakijawahi kuvuka kikamilifu. Ndiye aliyenifundisha kugeuza dagaa kabla jua halijawakunja. "Mutoto," ananiambia, "samaki yako inalala upande moja sana. Igeuze, hata wewe ukilala hivyo utaumia mbavu."

Halafu kuna kamanda wa mgambo. Sitaki kumfanya zimwi, kwa sababu si zimwi. Ni mtu mnene kidogo, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliopotea, na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Tatizo lake ni kwamba akishatamka neno usafi, haoni tena binadamu. Siku moja alikuja na mgambo wenzake, akasimama mbele ya vichanja vyetu, mikono kiunoni.

"Ondoeni hivi vitu. Vinaharibu mandhari."

"Mandhari ya nani?" nikamuuliza.

"Ya wageni."

"Wageni gani?"

"Watakaokuja."

Wakang'oa. Mbao zikapakiwa kwenye mkokoteni, tukaambiwa sasa ziko mikononi mwa serikali. Tukarudi mchangani, na wanunuzi wakarudi kutema. Haikupita wiki, bibi akaenda Gungu kumwona ndugu yake mgonjwa, na njia yake ikapita nyuma ya nyumba ya kamanda. Akakuta banda jipya la mbuzi. Katikati ya banda, ubao wa bluu wenye nusu ya jina la mtumbwi wa marehemu mume wake. Bibi alirudi mwaloni anacheka mpaka akashindwa kusimama, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Serikali iko na mbuzi," akasema. "Minaiona kwa macho. Mbuzi tatu ya serikali."

Wenzangu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikapanda bodaboda, nikapita Gungu kulipiga picha lile banda, kisha nikaenda mahakama ya mwanzo kufungua shauri dhidi ya kamanda mwenyewe, yeye na mbuzi wake.

Hakimu alikuwa mwanamke kijana, labda rika langu, mwenye sauti ndogo inayokulazimisha unyamaze ili umsikie. Alisikiliza, akaangalia picha ya banda niliyopiga kwa simu, akatoa amri ya muda. Nimeikariri mpaka leo: mlalamikiwa arudishe mbao, na asiguse, asiondoe wala asiharibu vichanja vya walalamikaji hadi shauri litakapoamuliwa. Kamanda alikuwepo. Alipiga saluti wakati ikisomwa.

Mbao zikarudi, nyingine zina harufu ya mbuzi. Tukajenga upya kwa vigelegele, na siku ya kwanza nikaanika dagaa wengi kuliko siku zote. Hata hawajaanza kukakamaa, kamanda akatokea kule juu ya mteremko.

Nikamwambia, "Kamanda, shikamoo. Unakumbuka amri?"

"Marahaba. Naikumbuka vizuri sana. Mahakama iko kule juu, binti. Huku chini ni mimi."

Akaweka bega kwenye kichanja changu, akasukuma. Dagaa wangu wote wakaenda kwenye tope. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nimeanza kurekodi tangu shikamoo. Kwenye ile video husikii kilio. Unamsikia mwanangu mgongoni anacheka, alidhani ni mchezo, na unanisikia mimi nikisema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu siku moja atajifunza kusoma.

Safari hii hakimu hakuuliza mengi.

"Uliisikia amri?"

"Niliisikia, mheshimiwa."

"Uliielewa?"

"Niliielewa, mheshimiwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaona kwanza nimalizie kazi iliyobaki, halafu nitii."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Hakimu hakucheka. Akamtia hatiani kwa kudharau mahakama, miezi miwili jela. Kamanda alitoka pale ameshikwa mkono na askari, viatu vinang'aa, anaangalia kila mtu usoni kama anayetafuta nani atamwambia ni utani.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndipo watu walipoanza kuja nyumbani.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Huyu ni mtu wa amani kupita kiasi, anaweza kupatanisha paka na panya na kumwambia panya asamehe. Akakaa kwenye kigoda, akakataa chai, akakubali chai.

"Binti, alikudharau, kweli. Lakini aliyedharauliwa ndiye mwenye kusamehe. Sema neno moja tu, mtu atoke, yaishe."

"Yakiisha, vichanja vinabaki?"

"Yakiisha yameisha. Mambo ya amri tena ya nini, kama watu wamepatana?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoamka. Maana hiyo ndiyo hesabu ninayoijua tangu utoto. Mwanaume anavunja kitu. Mwanamke anaombwa asamehe. Akisamehe anaambiwa yameisha. Na kile kitu kinabaki kimevunjika, ila sasa hakuna ruhusa ya kukitaja. Nikamwambia mwenyekiti sisamehi, chai yake amalizie. Akamaliza, akaenda kueneza mtaa mzima kwamba ufunguo wa jela ninao mimi.

Mtaa ukaamini. Ndiyo shida ya neno dharau. Kwetu dharau ni kitu kinachotoka kwa mtu kinamwangukia mtu. Ukisikia fulani kafungwa kwa dharau, unauliza kamdharau nani. Kudharau mahakama nani anajua ni nini? Mahakama ni jengo lenye bati. Basi kila mtu akaamua aliyedharauliwa ni mimi. Nikienda kisimani naambiwa samehe. Nikienda kununua mafuta ya taa, samehe. Kijana wa bodaboda alinibeba bure kwa pikipiki ya kuazima ili tu apate nafasi ya kuniambia nisamehe.

"Wewe kamanda anakuhusu nini?"

"Hanihusu, dada. Ila pikipiki yangu aliikamata, na wenzake hawajui alipoificha."

Halafu akaja mama yake kamanda.

Alitoka Kidahwe, mama mzima wa Kiha, amevaa kitenge chake cha sherehe, kuku kwapani. Mtu aliyelelewa Kiha anajua salamu yetu haina haraka; mnapigiana makofi taratibu, mnainama, na mdogo huinama zaidi. Mimi niko mlangoni na sufuria mkononi, yeye akaweka kuku chini, akapiga magoti, akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

Nilishtuka. Mama wa umri ule hawezi kunipigia magoti mimi nikabaki nimesimama, hata kama mwanawe kachoma nyumba yangu. Nikatupa sufuria, nikashuka chini kuliko yeye. Naye kwa kuwa ndiye mwombaji hakukubali kuwa juu, akashuka zaidi, anapiga makofi. Nikashuka tena. Tukafika mahali ambapo sote wawili tumeegemea viwiko mlangoni kwangu, nyuso zinakaribia sakafu, tunapigiana makofi ya vidole. Mwanangu akaona watu wakubwa wanatambaa, akafurahi, akaja kutambaa katikati yetu. Kuku akaingia ndani mwenyewe.

Yule mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, mabega yanatikisika, halafu akashindwa. Nami nikashindwa. Tulikaa pale chini tunafuta machozi.

"Ni mjinga," akasema. "Nimemzaa mimi, namjua. Akiwa mdogo alifukuza mbuzi wa jirani kwa usafi."

"Mama, mimi sina kinyongo naye. Nina kichanja."

"Kichanja kimefanya nini?"

"Nikimsamehe, wanasema amri inakufa. Amri ikifa, kichanja kinang'olewa. Kiking'olewa, huyu unayemwona anatambaa anakula nini?"

Akamwangalia mtoto. Akampangusa vumbi magotini. Lakini baada ya magoti yale nisingeweza kulala na neno mdomoni. Nikamwambia, "Mama, moyoni mwangu nimemsamehe. Kesho twende wote mahakamani, nikaulize hilo lingine."

Kesho yake tulikwenda kama harusi. Mwenyekiti mbele na koti, mama wa Kidahwe, bibi wa Kikongo na wanawake wote wa vichanja, mwanangu mgongoni, na kijana wa bodaboda nyuma anayetaka pikipiki. Njia nzima wenzangu wananiangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja akaniambia waziwazi, "Dada, umetuuza kwa kuku." Iliniuma, kwa sababu sikujua kama ni uongo.

Hakimu alitukuta barandani, amebeba mafaili. Mwenyekiti akavua kofia.

"Mheshimiwa, tumekuja na furaha. Huyu binti amemsamehe kamanda. Tunaomba mtu wetu."

Hakimu akaniangalia. "Umemsamehe nini?"

"Kunimwagia dagaa, mheshimiwa. Na kuniita binti kwa sauti ile."

"Vizuri. Hayo ni yako, una haki ya kuyasamehe. Lakini hajafungwa kwa hayo. Amefungwa kwa kuivunja amri. Amri haijasema imesamehe."

Mwenyekiti akafikiri kidogo. Uso ukachangamka. "Basi wewe mwenyewe, mheshimiwa. Kama aliyedharauliwa ni wewe, tuko chini ya miguu yako."

Mama wa Kidahwe akasikia chini ya miguu, akaanza kukunja magoti. Nilimshika kiwiko haraka. Tungelala pale sote.

"Mimi sijadharauliwa," hakimu akasema. "Kamanda ni mtu wa adabu, alinipigia saluti kila akiingia. Siku nikihamishwa hapa, atakuja mwingine na amri itakuwa ileile. Si mali yangu niigawe."

"Basi Mheshimiwa Rais," mwenyekiti akasema, sasa ametoka jasho. "Sikukuu ya Uhuru si inakaribia? Rais si husamehe wafungwa?"

"Rais anaweza. Hapo siwezi kusema kitu. Katiba imempa yeye. Haijakupa wewe, mwenyekiti, wala haijanipa mimi."

Bibi wa Kikongo akamgonga mwenyekiti begani. "Umesikia? Leo hauko Rais. Pumzika."

Baranda yote ikacheka, hata askari. Lakini mimi nilikuwa bado na swali langu, na sikungoja wanyamaze. Nikauliza kwa sauti niliyoiona mwenyewe ni kubwa mno mahali pale.

"Mheshimiwa, Rais akimtoa, kichanja changu kinakuwaje?"

Nadhani yeye peke yake ndiye aliyeelewa kwamba hilo ndilo lililonileta. Akaweka mafaili kwenye ukuta wa baranda.

"Msamaha unamtoa mtu kwenye adhabu. Hauendi mwaloni kung'oa amri. Anaweza kutoka asubuhi, na mchana akigusa ubao wako mmoja, hilo ni kosa jipya. Na msamaha aliopewa kwa lile la zamani hautamsaidia kwa hili."

"Kwa hiyo nikimsamehe mimi, vichanja vipo."

"Vipo."

"Akisamehewa na Rais, vipo."

"Vipo, mpaka mahakama yenyewe iseme vinginevyo."

Yule aliyesema nimewauza kwa kuku ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kikafuata cha pili, baranda ikajaa. Karani akatoka kutufukuza, akakuta mama wa Kidahwe naye anapiga vigelegele, mwanawe yuko jela na yeye ameshika mikono ya wanawake waliomshtaki, akakosa pa kuanzia. Nilimuuliza baadaye mama, ulikuwa unashangilia nini? Akasema, "Ulivyofurahi wewe. Na pia nimeelewa kwamba nikirudi nyumbani sina deni la kumpigia mtu yeyote magoti."

Tulirudi kwa miguu, tunaimba, jua kali, mwanangu amelala. Nimeolewa, nimezaa, nimefaulu mtihani wa kidato cha nne, lakini furaha ya siku ile sijaipata tena. Ilikuwa ni furaha ya kujua kwamba kuna kitu hapa duniani ambacho hakisubiri mimi niwe mpole ndipo kisimame.

Sikukuu ya Uhuru ikafika, msamaha ukatangazwa redioni kama miaka mingine, na kamanda akawemo miongoni mwa waliopunguziwa. Akatoka. Kwanza alionyesha pikipiki ya watu ilipo. Halafu akaja mwaloni, bila sare, amekonda kidogo, viatu vilevile. Sisi tulikuwa tumeanika, vichanja vimejaa mwanzo mpaka mwisho. Kila mkono ukasimama.

"Rais amenisamehe," akasema.

"Hongera," nikamwambia. "Hata mimi nilikuwa nimekusamehe, nilimwambia mama."

"Aliniambia." Akaangalia vichanja, akaviangalia sana, halafu akaangalia ziwa nyuma yetu. Uso ukambadilika. "Ondoeni hivi vitu."

Bibi akainama akaokota kasia. Mwenyewe nilishaingiza mkono kwenye kanga kutafuta simu.

"Ondoeni, nasema. Angalieni nyuma yenu, nyie wanawake."

Tukageuka. Milima ya Kongo haikuonekana. Ukuta wa mvua ulikuwa umeshafika katikati ya ziwa na unakuja mbio. Dagaa wote wa mwalo walikuwa juu ya wavu, wamebakiza siku moja tu kukauka. Tulipiga kelele, tukatawanyika kwenye maturubai. Kamanda akakimbia nasi, akafika kwenye kichanja changu, akanyoosha mikono avute ncha ya turubai.

"Usiguse," nikamwambia.

"Ninakusaidia."

"Amri inasema asiguse. Haijasema asiguse vibaya."

"Mvua inakuja, binti."

"Naiona. Ukigusa ni kosa jipya. Tuliambiwa sote, hata mama yako alikuwepo."

Mtu mzima, mikono iko hewani, haishuki wala haiendi mbele. Akaiweka nyuma. Akaanza kusimama tu, anarukaruka kwenye viatu vyake, anatuelekeza kwa ile sauti ya ng'ombe: shika huku, vuta ule upande, bibi wa kanga nyekundu, jiwe, weka jiwe. Na niseme ukweli, alielekeza vizuri. Upepo wa kwanza ulipofika, turubai langu likanishinda, mtoto mgongoni anavutwa na kanga inafunguka. Nikaona hapa nitapoteza kimoja. Nikamfungua binti yangu, nikamkabidhi kamanda kifuani.

"Huyu amri haijamtaja. Mpeleke kwenye upenu wa ile stoo ya nyavu."

Akampokea kama anavyopokea kila kitu, wima. Mvua ikatufikia. Tulifunika kichanja baada ya kichanja, tumelowa hadi mifupa, tunacheka, tunatukanana, na kila nikiinua uso naona chini ya ule upenu kamanda wa mgambo amesimama na mtoto wangu, na mtoto wangu amemshika pua.

Hatukupoteza dagaa wa kuzungumzia. Mvua ilipopungua nikaenda kumchukua binti, hakutaka kuja. Kamanda akawa anaangalia chini ya turubai, pale dagaa walipochungulia.

"Wamekauka vizuri," akasema. "Mama anawapenda. Nataka kununua, sasa nifanyeje, na mimi siruhusiwi kugusa?"

"Elekeza kwa kidole."

Akaelekeza. Bibi akapima, akaongeza konzi juu, akamwambia hiyo ni ya mbuzi wa serikali.

Shauri letu liliamuliwa baadaye, kwa faida yetu, na ile amri ya muda ikaisha kazi yake. Sasa kamanda anaruhusiwa kugusa dagaa kama mnunuzi mwingine yeyote. Nilimwambia mwenyewe. Akasema ameelewa, akaweka mikono nyuma, na akaelekeza kwa kidole.